Dokta, Foleni Yako Inaanza Kabla Hujafika

*Mimi ni daktari, nina kliniki ndogo hapa Tanga mjini, huu ni mwaka wa tano. Asubuhi yupo tabibu. Mimi naingia saa 10 jioni nikitoka kwenye ajira yangu ya hospitali, hadi saa 2 usiku. Kwa jioni moja naona wagonjwa 24 hivi. Tangu Januari nimeanzisha miadi kwa simu, kila mgonjwa dakika 10, maana foleni ilikuwa inanitia aibu. Mambo yamezidi kuharibika. Mwenye miadi ya saa 12 anafika saa 9 alasiri. Wengine hawaji kabisa. Wasio na miadi wanakaa kwenye benchi na kudai waingie wao kwa sababu wamewahi. Mapokezi yupo wifi yangu. Kila siku ni maneno, juzi amelia mbele za watu. Kuna siku upasuaji unanichelewesha nafika saa 11 na nusu, nakuta watu wamenuna hata salamu hawaitikii. Natoka saa 4 usiku, watoto wamelala. Mzee mmoja wa kisukari niliyemtibu tangu nafungua amechukua faili lake akahama. Kijana mmoja anataka kuniuzia programu ya miadi kwa shilingi milioni moja na nusu. Mume wangu anasema nitoze faini ya 5,000 kwa asiyefika. Au nirudie mtindo wa zamani wa anayewahi ndiye anayeonwa? Watu wetu hawajui kutunza muda. Nimechoka.*

*Dokta, Tanga*

Mwanangu, pole kwa uchovu, na unifikishie pole kwa wifi yako, maana yeye ndiye anayebeba lawama za jambo asiloliweza. Nitakujibu mapema uliyouliza ili tupate nafasi ya kuzungumza yale usiyouliza. Programu usinunue kwa sasa. Faini usitoze. Na usirudie mtindo wa zamani wote, ila sehemu yake moja uibakize, nitakuonyesha ipi.

Kwanza hilo la watu wetu kutojua kutunza muda. Nenda stendi alfajiri uwatazame hao hao wagonjwa wako wakisafiri. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na begi kichwani yupo pale giza halijaondoka, kwa sababu anajua basi la Dar es Salaam likisema linaondoka, linaondoka. Mgonjwa wako naye anajua saa, na tena amejifunza kitu kwako: amejifunza kwamba miadi ya saa 12 haina maana yoyote mlangoni, na kwamba aliyekalia benchi mapema ndiye anayeingia. Ndiyo maana anakuja saa 9. Amefanya uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu linasimama kwenye sentensi uliyoipitisha haraka: "Kuna siku upasuaji unanichelewesha nafika saa 11 na nusu." Hapo ndipo pa kuanzia. Umetangaza saa 10. Umempa mtu miadi ya saa 10 na dakika 10, mwingine saa 10 na dakika 20, na kuendelea. Ukifika saa 11 na nusu, watu tisa wameshapitwa na saa zao kabla hujafungua mlango wa chumba chako, na hapo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekosea. Wifi yako akimwambia aliyefika bila miadi "subiri, kuna wenye muda wao", yule anamuuliza: muda gani, na dokta mwenyewe hayupo? Hana la kujibu. Mtu hawezi kulinda ratiba ambayo mwenye kliniki haifuati.

Sikulaumu kwa upasuaji. Hakuna anayemwacha mama mezani akimbilie kliniki. Lakini unajua kwamba jambo hili hutokea, basi usiahidi saa 10. Tangaza saa 11, andika kwenye kibao, andika kwenye kadi, na uwe umekaa kitini saa 11 kamili. Siku ukifika saa 10 na nusu, tumia ile nusu saa kupitia mafaili na majibu ya maabara. Siku dharura ikikushika kweli, mpigie wifi yako kabla ya saa 10 ili awaarifu watu wakiwa bado makwao. Mgonjwa akiambiwa "njoo saa 1, dokta yuko kwenye upasuaji" atakuombea dua. Akiachwa bila neno, atanuna.

Mwaka 1952, watafiti wawili, Welch na Bailey, walichapisha kwenye jarida la *Lancet* la Uingereza uchunguzi wao juu ya foleni za wagonjwa wa nje. Ushauri wao ulikuwa mwepesi: weka wagonjwa wawili saa ya kufungua, kisha mmoja mmoja kwa kadiri ya muda ambao daktari kwa kawaida humwona mtu. Wawili wa mwanzo ni ili daktari asikae bure kama mmoja akichelewa. Ni ushauri mzuri hadi leo, lakini utaona kwamba hauna msaada wowote kama kiti cha daktari ni kitupu.

Sasa tuingie chumbani mwako. Umegawa dakika 10 kwa kila mgonjwa, wagonjwa 24, dakika 240, saa nne. Kwenye karatasi inakaa sawa. Lakini kliniki zetu haziendi hivyo, na wewe unajua. Mgonjwa anaingia, anajieleza, unamwandikia vipimo. Anatoka, anakwenda maabara, anatoa damu au mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria peke yake kinataka dakika 15 hadi 20. Kisha anarudi na karatasi mkononi, anasimama mlangoni, na anaingia mara ya pili. Hao ndio "wa majibu", na hakuna mahali ulipowaandikia muda. Kila mmoja wao anaingia juu ya miadi ya mwenzake. Tuchukue mfano tu: kama kumwona mtu mara ya kwanza ni dakika 8, na kumsomea majibu ni dakika 4, na katika wagonjwa 24 kuna 14 waliotumwa maabara, basi unahitaji dakika 248. Saa zako nne zimeshapitwa hata ungekaa kitini saa 10 kamili bila kunywa maji.

Na hata zingetosha barabara, bado pangekuwa na foleni. Hili huwashangaza wengi. Hesabu za foleni zilianza na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, aliyechapisha kazi yake ya kwanza mwaka 1909 juu ya simu zinazoingia kwa wakati wowote. Katika hesabu iliyo nyepesi kuliko zote za aina hiyo, watu wakija bila mpangilio na mhudumu akiwa ameshikwa asilimia 80 ya muda wake, anayefika husubiri kwa wastani mara nne ya muda wa kuhudumiwa. Mhudumu akishikwa asilimia 90, ni mara tisa. Asilimia 95, mara 19. Kliniki yako si mfano wa kitabuni, lakini mwelekeo ni huo huo: kadiri unavyozidi kujaza ratiba, ndivyo mgonjwa mmoja mwenye maneno mengi anavyotosha kuharibu jioni nzima. Nafasi tupu kwenye ratiba ndiyo inayowafanya waliobaki waonwe kwa saa zao. Usiione kama hasara.

Kwa hiyo nakuomba kitu kigumu. Punguza watu wa jioni.

Najua moyo umeshtuka, kuna kodi ya pango na mishahara. Subiri kwanza. Katika hao 24, wangapi wanakuhitaji wewe mwenyewe? Anayefuata dawa zake za presha na presha imetulia, anayekuja kusafishwa kidonda, anayekuja na homa ya jana, hawa tabibu wako anawaweza, na pesa inabaki kliniki ile ile. Tatizo ni kwamba wagonjwa wanamwona kama mtu wa kushikilia nafasi mpaka "dokta mwenyewe" aje, na nadhani hivyo ndivyo wewe pia ulivyomweka bila kukusudia. Mtambulishe. Siku mgonjwa wa presha akiwa chumbani mwako, mwite tabibu, mpe mkono mbele yake, sema: "Huyu ndiye atakayekuona mwezi ujao asubuhi, faili lako analijua, na akiona jambo ananipigia." Maneno hayo yakitoka kinywani mwako yana uzito kuliko tangazo lolote ukutani.

Wa marudio waliobaki kwako, wapime kabla. Chukua mgonjwa wa kisukari. Leo anaandikiwa miadi ya jioni, anafika, unamtuma maabara, anarudi. Na kama ulitaka sukari ya kabla ya kula, ameshinda na njaa au amekuja ameshakula na kipimo hakifai. Afadhali aje asubuhi saa 1 na nusu, maabara wamtoe damu, aende akanywe chai yake na dawa zake. Jioni akija kwako majibu yako ndani ya faili. Anaingia mara moja tu. Sijui mzee wako aliyehama alihama kwa sababu gani, ila wazee wengi wa kisukari nimewaona wakitetemeka kwenye benchi kwa njaa huku wanaogopa kwenda kununua hata andazi wasije wakapitwa na namba yao. Jambo hilo ni hatari, na kuliondoa hakugharimu shilingi.

Tukipiga hesabu upya: jioni uone 16, na watano tu wawe wa majibu. Kwa mfano wetu ule ule ni dakika 148. Ukikaa kuanzia saa 11 hadi saa 2 na robo, ukatoa robo saa ya sala ya Magharibi, una dakika 180. Umeshikwa kama asilimia 82. Hapo unapumua, na unafika nyumbani watoto wakiwa macho.

Katika hao 16, nane wape miadi na nane uwaachie wa siku hiyo. Hapa ndipo ule mtindo wa zamani unapobaki. Homa haipigi simu. Mtoto aliyeanza kuharisha mchana hawezi kuambiwa njoo Alhamisi. Huko California, miaka ya 1990, Mark Murray na Catherine Tantau, wakiwa katika shirika la afya la Kaiser Permanente, waliacha desturi ya kuwasukuma wagonjwa mbele na wakaanza kuwaona siku ile ile wanayopiga simu. Kungoja miadi kulishuka kutoka siku 55 hadi siku moja. Wewe huna tatizo la siku 55, lakini funzo lao linakufaa: jioni iliyojaa miadi pekee itavunjwa na wagonjwa wa leo, utake usitake. Afadhali uwape mahali pao kabisa.

Ningepanga hivi. Saa 11:00 wenye miadi wawili. Kisha mmoja saa 11:20, mmoja 11:40, mmoja 12:00. Kuanzia 12:20 hadi saa 1 usimwandike mtu: ni muda wa Magharibi, ni muda wa wa majibu, ni muda wa kufidia ulipochelewa. Halafu 1:00, 1:20 na 1:40. Hao ni nane. Katikati yao wanaingia wa siku hiyo kwa namba zao. Mwenye miadi ya 12:00 akija saa 9 anakaribishwa, anapewa maji, na ataingia saa 12. Wiki mbili za mwanzo watalalamika. Wakiona saa 12 imefika na mtu kaitwa kweli, hawatakuja saa 9 tena.

Hili linajaribiwa mlangoni kuliko mahali pengine popote. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na nimeona ugomvi mwingi wa mapokezi ukitokana na rundo la kadi. Mgonjwa anafika anaweka kadi dirishani, wa pili anaweka juu yake, wa tatu juu, na sista akija anaanza kuchukua ya juu. Aliyewahi anakuwa wa mwisho. Mwingine akiona hivyo anachomeka yake anapotaka. Waondolee rundo. Mnunulie wifi yako kaunta buku nene, apige mistari kwa rula: jina, simu, ana miadi ya saa ngapi au ni wa leo, amefika saa ngapi, ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi. Wa leo wapewe namba iliyoandikwa kwenye kipande cha kadi ngumu. Kila nusu saa asimame aseme kwa sauti tumefika wapi. Kama benchi lina watu 14 na wewe unaona sita kwa saa, wa mwisho atangoja zaidi ya saa mbili. Aambiwe hivyo, achague kwenda sokoni na kurudi. Kuambiwa ukweli huo ni heshima, na watu huitambua.

Mgonjwa mahututi anapita mbele, na benchi zima litakubali kama litaambiwa. Mtoto mwenye degedege, mjamzito anayetoka damu, mtu anayehema kwa shida: wifi yako aseme wazi, "Huyu amezidiwa, tunampitisha, tusameheane." Kinachowauma watu ni yule anayepitishwa kimyakimya kwa sababu ni jirani yako au kakupigia simu. Hilo, dokta, acha kabisa. Ukipigiwa na ndugu, mpe miadi kama wengine. Siku utakayomwingiza mtu kwa mlango wa nyuma, kitabu cha wifi yako kinakuwa karatasi tupu. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi asikalishwe katikati ya benchi na watoto. Awekwe nje penye hewa, apewe barakoa, na aonwe mapema, maana huenda ni kifua kikuu.

Kuhusu wasiofika. Faini ya 5,000 itamfikia nani? Yule aliyekosa nauli ya bodaboda ndiye huyo atakayekosa 5,000. Hatalipa na hatarudi. Atakwenda duka la dawa anunue vidonge vya kubahatisha. Wakumbushe badala ya kuwaadhibu. Siku moja kabla, ujumbe mfupi wa simu: "Habari. Miadi yako ni kesho Jumanne saa 11:20 jioni. Jibu NDIYO au SITAFIKA." Saa iandikwe kwa Kiswahili na neno jioni au usiku liwepo. Programu nyingi hutuma "5:20 PM", na mtu anaisoma saa 5 na dakika 20, anakuja mchana na jua lake. Usiandike ugonjwa. Simu huwa ya mume, ya mtoto, au ya jirani, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; ila hata isingekuwepo, siri ya mgonjwa ni kiapo chako.

Sababu ya kutaka wajibu ni hii. Katika utafiti wa Kenya uliochapishwa kwenye *Lancet* mwaka 2010, wahudumu waliwatumia watu walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU ujumbe wa neno moja kila wiki: "Mambo?" Mtu alijibu "Sawa" au "Shida", na wa shida, pamoja na waliokaa kimya, walipigiwa. Waliotumiwa ujumbe walimeza dawa zao vizuri zaidi kuliko wasiotumiwa, na kwa wengi zaidi kati yao virusi vilidhibitiwa. Ilihusu dawa, haikuhusu miadi, lakini inakuonyesha nguvu ya kumuuliza mtu na kumngoja ajibu. Asemaye "SITAFIKA" amekupa nafasi ya mgonjwa mwingine. Asiyejibu wala kufika, tabibu ampigie asubuhi yake kuuliza hali. Utajifunza mengi kwenye simu hizo.

Hata kwenye vituo vya umma kupanga miadi kunawezekana. Kusini mwa Msumbiji, ambako wajawazito walikuwa wakifurika alfajiri kama kwetu, vituo vilijaribu kuwapangia saa, na utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kungoja kumepungua kwa zaidi ya saa moja na nusu. Msumbiji si mbali, na akina mama wa kule hawana tofauti na wa Pongwe au Maweni hapo Tanga.

Yule kijana wa programu mwambie arudi baada ya miezi mitatu. Wakati huo kaunta buku itakuwa imekuambia mgonjwa anachukua dakika ngapi kweli, siku gani hufurika, na wangapi ni wa majibu. Ukiwa na hizo utajua umuulize nini, na pengine utaona kitabu kinatosha. Mashine itakayopanga dakika 10 zisizo za kweli itazipanga haraka zaidi, na ugomvi utaongezeka.

Jambo la mwisho, kwa kuwa uko Tanga. Kabla mwezi wa Shaaban, ule unaotangulia Ramadhani, haujaingia, toa orodha ya wagonjwa wako wote wa kisukari wanaokusudia kufunga na uwape miadi ndani ya mwezi huo, wa sindano za insulini wakitangulia, ili dozi zipangwe upya na wale ambao kufunga kutawadhuru waambiwe mapema. Wagawe jioni kwa jioni, wawili au watatu, wasije wote wiki ya mwisho. Mfungo ukiingia, usimwandike mtu kati ya saa 11:40 na saa 1 na nusu, na sogeza wa marudio wote wanaoweza kwenda kwa tabibu asubuhi. Kibao cha saa za Ramadhani kitundikwe wiki mbili kabla, na wifi yako amsomee kila anayefika dirishani, kwa kuwa wapo wasiojua kusoma na hawatakuambia.